Miguu na mizizi: jinsi ya kubashiri kama bakteria mwenye mutesheni atatengeneza kimeng'enya

Koloni zilitoka nyeupe. Ilikuwa sahani ya agari ya MacConkey, sampuli ya choo cha mtoto wa miaka mitatu, imelala kwenye inkubeta usiku kucha. Kwenye agari hiyo bakteria anayechachusha laktosi hutoa koloni za rangi ya waridi. Mwanafunzi niliyekuwa naye benchi akatazama, akaandika daftarini: "Hana kimeng'enya cha laktosi." Nikamwambia asikate shauri bado. Tukachota koloni, tukaikoroga kwenye nusu mililita ya maji ya chumvi, tukatumbukiza kidonge cha ONPG, kitu kinachotoa rangi ya manjano kikikatwa na kimeng'enya cha laktosi, tukarudisha mrija kwenye joto. Tulipoutazama tena, maji yalikuwa ya manjano.

Kimeng'enya kilikuwepo. Bakteria alikuwa Shigella sonnei. Huyu beta-galaktosidasi, kimeng'enya cha kukata laktosi, anayo, ila permeasi, yaani protini ya kuingizia laktosi ndani ya seli, si nzima. Laktosi inabaki nje, kisu cha kuikatia kiko ndani. ONPG hupenya bila kumtegemea sana permeasi, ndiyo maana ilikatwa na kutoa manjano.

Nimekaa benchi la bakteriolojia hapa Tanga mwaka wa 16 sasa, na Jumamosi jioni wanafunzi wa stashahada huja barazani kwangu na maswali yao. Linalowatesa kuliko yote ni hili: unapewa bakteria mwenye mutesheni fulani, yaani badiliko kwenye DNA yake, unaulizwa kama kimeng'enya kitatoka au hakitatoka, laktosi ikiwepo na isipokuwepo. Wengi wanakariri jedwali. Jedwali lina mistari kumi, mtihani unaleta wa kumi na moja, na mtu anakwama. Hapa naeleza njia ninayowafundisha. Ukiishika, huhitaji jedwali.

Mjue kwanza aliye mzima

Chukua Escherichia coli wa kawaida. Jeni zake tatu za kazi ya laktosi zimepangana mstari mmoja: Z inayotoa beta-galaktosidasi, Y inayotoa permeasi, na A inayotoa transasetilasi, ambayo kwa maswali haya unaweza kuiacha. Mbele yake kuna promota, P, mahali ambapo mashine ya kunakili jeni hutua. Ikifuata opareta, O, kipande kifupi cha DNA ambapo represa, protini ya kuzifunga jeni, hukalia. Na mbele yao wote kuna jeni I, yenye promota yake yenyewe, inayotengeneza hiyo represa.

Chora mstari huu kila unapoanza swali: I, P, O, Z, Y, A. Nasema kila unapoanza, hata kama umeshauchora mara mia. Ninaowaona wakikosea ni wale wanaobashiri kichwani.

Sasa mazingira. Laktosi isipokuwepo, represa imekalia opareta na jeni zimefungwa. Hazijafungwa kabisa, molekuli chache za beta-galaktosidasi na permeasi huponyoka, na hizo chache zina kazi kubwa, utaona hapo chini. Laktosi ikija, sehemu yake inageuzwa kuwa alolaktosi, alolaktosi inaishika represa, represa inapoteza nguvu ya kukamata DNA, na uzalishaji unapanda karibu mara 1,000. Glukosi ikiwepo pamoja na laktosi, uzalishaji unabaki chini, kwa sababu protini nyingine iitwayo CRP, inayohitaji cAMP, molekuli ndogo ya ishara, ili isaidie mashine kutua kwenye promota, haipati cAMP ya kutosha.

Kwa hiyo aliye mzima ana majibu matatu: bila laktosi, karibu sifuri; laktosi peke yake, juu kabisa; laktosi pamoja na glukosi, chini. Yaandike pembeni. Kila mutesheni utaipima kwa kulinganisha na majibu haya matatu.

Swali la kwanza: kilichoharibika kina miguu au kina mizizi?

Hapa ndipo roho ya mwongozo huu ilipo, na nitakaa hapa.

Vipande vya DNA katika mstari ule ni vya namna mbili. Kuna jeni zinazotoa kitu, na kitu hicho kinatoka, kinaogelea ndani ya seli, kinafika popote. I ni hivyo. Z, Y na jeni ya CRP ni hivyo pia. Hivi navyo naviita vyenye miguu. Halafu kuna vipande visivyotoa kitu chochote. Kazi yao ni kuwa mahali tu. Promota na opareta ni mahali. Hutawala jeni zilizoungana nazo kwenye DNA ile ile, basi. Hivi vina mizizi.

Tofauti hii haionekani ukiwa na nakala moja ya kila kitu. Inajitokeza pale seli inapokuwa na nakala mbili, moja kwenye kromosomu na nyingine kwenye plasmidi F, duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu, iliyobeba operoni, yaani mstari ule. Chenye miguu kikiharibika kwenye nakala moja, nakala nzima inaweza kutuma mbadala. Chenye mizizi kikiharibika, hakuna wa kukisaidia, kwa sababu hakuna kinachotumwa.

Arthur Pardee, François Jacob na Jacques Monod waliliona hili Paris, Taasisi ya Pasteur, na wakachapisha mwaka 1959. Walichukua bakteria dume, yaani wanaotoa DNA, wenye I na Z nzima, wakawachanganya na majike wasio na I wala Z inayofanya kazi, bila kuweka kichocheo chochote, yaani kitu cha kuiachisha represa. DNA ya dume ilipoingia, jike alianza kutengeneza beta-galaktosidasi ndani ya dakika chache. Mahali ilipoingia hakukuwa na represa. Baada ya saa moja na ushee uzalishaji ukakoma, mpaka waongeze kichocheo. Jeni I iliyoingia ilikuwa imeshatoa represa ya kutosha kuijaza seli. Hiyo ndiyo miguu, imepimwa kwa saa. Mwaka 1961 Jacob na Monod wakatoa maelezo kamili ya operoni, na mwaka 1965 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff. Represa yenyewe ilikamatwa mwaka 1966 na Walter Gilbert na Benno Müller-Hill, Harvard. Ni protini ya vipande vinne vinavyofanana, na seli ya kawaida ina kama kumi tu.

Kumbuka hivyo vipande vinne. Tutavihitaji.

Swali la pili: kimeharibika namna gani?

Mutesheni moja inaweza kuua, nyingine inaweza kukaza. Usiandike "I imeharibika" ukaishia hapo. Uliza imepoteza uwezo gani.

I⁻ (alama ⁻ ni mbovu, ⁺ ni nzima): represa haitoki au haishiki opareta. Kimeng'enya kinatoka wakati wote, laktosi iwepo isiwepo.

Oᶜ: opareta imebadilika, represa nzima inapita haipati pa kukalia. Hapa pia kimeng'enya kinatoka wakati wote. Ila ukipima utaona mara nyingi Oᶜ bila kichocheo haifiki juu kama I⁻, kwa kuwa represa bado inashika kidogo. Ukiongeza kichocheo inapanda tena. I⁻ haipandi, imeshafika kileleni. Vitabu vingi vinawaweka wote wawili safu moja na kuandika alama ya kujumlisha. Benchi inawatenganisha.

Iˢ: represa inashika opareta vizuri lakini haimpokei tena alolaktosi. Haiachii. Kimeng'enya hakitoki kamwe.

P⁻: mashine haina pa kutua. Hakuna kinachotoka, na hata uharibu represa hutapata kitu.

CRP iliyokufa, au jeni ya kutengeneza cAMP iliyokufa: laktosi ikija uzalishaji unapanda kidogo tu. Huyu utamgundua kwa kumjaribu na sukari nyingine. Maltosi na arabinosi navyo vitamshinda, kwa sababu operoni hizo pia zinamtegemea CRP. Na ukitaka kujua kati ya hizo mbili ni ipi, weka cAMP kwenye chakula chake: aliyekosa cAMP atapona, aliyekosa CRP hataona tofauti.

Halafu kuna mbili ambazo karibu kila mwanafunzi wangu amezikosa mara ya kwanza, na sishangai, kwa maana mutesheni iko kwenye jeni ya kazi lakini inagusa udhibiti.

Z⁻ kwanza. Beta-galaktosidasi imekufa. Swali linauliza: ukiweka laktosi, permeasi itatoka? Jibu la haraka ni ndiyo, kwa kuwa I na O ni nzima. Lakini nani anageuza laktosi kuwa alolaktosi? Ni beta-galaktosidasi yenyewe, zile molekuli chache zilizoponyoka. Bila Z hakuna alolaktosi, represa haiachii, na permeasi haipandi. Hili lilithibitishwa mwaka 1972. Weka IPTG, kichocheo cha kutengenezwa ambacho hakihitaji kugeuzwa wala hakikatwi, na permeasi itapanda kama kawaida.

Y⁻ ni hivyo hivyo kwa upande wa pili. Laktosi haiingii vya kutosha, kwa hiyo kichocheo hakipatikani, kwa hiyo hata Z nzima inabaki imelala. IPTG nyingi hupenya yenyewe na kuiamsha. Kwa hiyo soma swali: limesema laktosi, au limesema IPTG? Neno hilo moja linageuza jibu.

Nakala mbili: hatua kwa hatua

Chukua seli hii: I⁺ Oᶜ Z⁻ kwenye plasmidi, I⁻ O⁺ Z⁺ kwenye kromosomu. Tunataka beta-galaktosidasi inayofanya kazi.

Anza na wenye miguu. Je, ndani ya seli kuna represa nzima? Ipo, inatoka kwenye plasmidi, na itafika kwenye kromosomu bila shida. Sasa nenda kwa wenye mizizi, mstari mmoja mmoja, usiichanganye. Mstari wa plasmidi: opareta yake haishikiki, jeni zake zinasomwa wakati wote, lakini Z yake ni mbovu, inatoa protini isiyokata kitu. Mstari wa kromosomu: opareta nzima, represa imeikalia, Z nzima. Kwa hiyo beta-galaktosidasi inayofanya kazi inatoka pale tu kichocheo kinapokuwepo. Seli ina Oᶜ, na bado udhibiti ni wa kawaida.

Badilisha kitu kimoja: sogeza Z⁺ ikae pamoja na Oᶜ, na Z⁻ pamoja na O⁺. Herufi ni zile zile, idadi ni ile ile. Sasa kimeng'enya kinatoka wakati wote. Nikiwapa wanafunzi swali la kwanza na hili sambamba, kuna mmoja hunyamaza kidogo kisha anasema, "Mwalimu, kwa hiyo jirani ndiye anayeamua." Ndiyo. Kwa wenye mizizi, jirani ndiye anayeamua.

Weka Iˢ na I⁺ pamoja: Iˢ inashinda, maana ina miguu na inakwenda kukalia opareta zote mbili. Weka Iˢ pamoja na Oᶜ: hata represa isiyoachia haina pa kukalia, mstari wenye Oᶜ unasomwa. Ukifuata hatua zile mbili, miguu kwanza kisha mizizi kwa kila mstari, utafika mwenyewe.

Lakini usiseme kamwe kwamba I⁻ hushindwa daima na I⁺. Rudi kwenye vipande vinne. Kuna mutesheni ambazo kipande kibovu bado kinaungana na wenzake wazima lakini hakishiki DNA. Kikichanganyika nao, represa nzima inaharibika. Seli inakuwa na I⁺, na bado kimeng'enya kinatoka wakati wote. Hizi huandikwa I⁻ᵈ. Kanuni ya miguu haikuvunjika hapo. Ubovu nao una miguu.

Kuona kwa macho

Kubashiri bila kupima hakunipi raha, na nawahimiza wanafunzi wajaribu pale chuo kinaporuhusu straini za kufundishia.

Chagua chakula kwa akili. MacConkey ina laktosi ndani, kwa hiyo mzima, I⁻ na Oᶜ wote watatoka waridi, hutawatofautisha. Tumia agari yenye X-gal bila IPTG. X-gal hukatwa na beta-galaktosidasi na kuacha rangi ya bluu, lakini yenyewe haichochei. Mzima atabaki mweupe. Anayetengeneza bila kuambiwa atakuwa bluu. Kisha mpe huyo wa bluu plasmidi yenye I⁺. Akirudi kuwa mweupe, ugonjwa ulikuwa kwenye miguu. Akibaki bluu, shuku opareta.

Ukitaka namba, tumia njia ya Miller. Kuza bakteria mpaka katikati ya ukuaji, pima wingi wa seli zake kwa spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga, kwenye nanomita 600. Chukua kipimo kidogo, kivunje kwa tone la kloroformu na sabuni ya SDS kwenye bafa, acha kipate nyuzi 28, ongeza ONPG na anzisha saa hapo hapo. Manjano ikionekana vizuri, simamisha kwa sodiamu kaboneti ya mola 1 na uandike dakika. Soma kwenye 420, kisha 550 kwa ajili ya mabaki ya seli. Zidisha usomaji wa 550 kwa 1.75, utoe kwenye ule wa 420, zidisha kwa 1,000, halafu gawanya kwa dakika, kwa mililita za seli ulizotumia, na kwa usomaji wa 600. Usingoje manjano iive sana. ONPG ikikaribia kuisha, namba inadanganya.

Kwa kidonge cha ONPG cha hospitali, kuna sharti moja ambalo watu hulifuata bila kujua sababu: chota koloni kutoka kwenye chakula chenye laktosi. Sababu ni represa. Koloni iliyokulia kwenye glukosi ina kimeng'enya kidogo mno, na utaandika hasi wakati jeni ni nzima.

Pale inapomgusa mgonjwa

Mwaka fulani nilitoa jibu la usaha wa kidonda: Enterobacter cloacae, dawa ya seftriaksoni inafaa. Duara lisilo na bakteria kuzunguka kidonge cha dawa lilikuwa pana, nililipima mara mbili. Siku kadhaa baadaye daktari wa wodi akapiga simu: mgonjwa alipata nafuu, kisha homa imerudi. Sampuli mpya, bakteria yule yule, na sasa seftriaksoni haikuwa na duara kabisa. Nilirudi kwenye sahani ya kwanza kwenye friji. Ndani ya duara, karibu na ukingo, kulikuwa na koloni mbili ndogo. Sikuzitilia maanani siku ile.

Pitisha njia ile ile hapa. Enterobacter ana jeni ampC, inayotoa kimeng'enya cha kuvunja dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini. Kwa kawaida imetulia. Msimamizi wake ni protini AmpR, inayoamshwa na vipande vya ukuta wa seli ambavyo hujaa dawa inapouvuruga ukuta. Kuna kimeng'enya kingine, AmpD, kinachovisafisha vipande hivyo. Seftriaksoni huchochea kidogo tu, ndiyo maana aliye mzima anaonekana anakufa. Sasa mutesheni ikiua ampD, vipande havisafishwi, AmpR inabaki macho, na AmpC inamwagika mfululizo, dawa iwepo isiwepo. AmpD ina miguu. Ni ndugu wa I⁻. Mutesheni hizo zinakuwepo kwa bakteria wachache kabla ya tiba. Dawa inaua wenzao, wao wanabaki na uwanja.

E. coli naye ana ampC, lakini hana ampR, na promota yake ni dhaifu. Akibadilika ili atengeneze kwa wingi, mara nyingi promota ndiyo iliyopata nguvu. Hiyo ni mizizi, na hakuna msimamizi wa kumtafuta.

Kwa hiyo ukiwa na Enterobacter, weka kidonge cha dawa ya sefoksitini jirani na cha seftazidimu. Sefoksitini huchochea sana. Duara la seftazidimu likibanwa upande wa jirani yake na kuwa kama herufi D, AmpC ipo na bado inatii. Usiandike seftriaksoni inafaa ukaachia hapo. Andika maelezo kwamba usugu unaweza kujitokeza katikati ya tiba. Halafu chukua lenzi, inua sahani kwenye mwanga, angalia ndani ya duara karibu na ukingo. Ukiona koloni hata moja, ichote peke yake, ipande upya, na piga simu wodini kabla karatasi ya majibu haijachapwa.